Bei ya Hodi

Dada yangu mpenzi, uliyenitangulia tumboni ukaniachia nafasi,

Salamu zangu zitangulie maneno yangu, maana maneno leo ni mengi na yanaweza kukuchosha hapo mlangoni. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba limevimba kama unga uliosahauliwa na hamira yake, nikakuagiza ulikande kwa maji ya chumvi, na kwa ubishi wako ninavyoujua hukulikanda. Shemeji je, kile kikohozi kimemwachia, au bado mnalala watatu? Na yule mjukuu wetu wa mwisho nasikia ameanza kuota meno. Mwambie bibi yake wa huku anaendelea kuyapoteza, kwa hiyo hesabu ya ukoo iko palepale.

Sisi huku hatujambo. Nyonga yangu inanikumbusha kila asubuhi kwamba kuinamia beseni maisha yangu yote hakukuwa mchezo, lakini nikiibembeleza na kikombe cha chai huwa inakubali kuamka na mimi. Macho mazima, mikono mizima, na ulimi, kama unavyojua, haujapata kuugua tangu nizaliwe.

Kabla ya habari yenyewe nikupe ya mwanao Nyundo. Najua nilikuandikia, lakini jambo zuri halichujuki kwa kufuliwa mara mbili. Nyundo amemaliza mafunzo yake ya kupiga viatu vya farasi. Wala siyo amemaliza tu, amemaliza wa kwanza, na wenzake wote walikuwa wanaume wenye shingo nene kama magogo. Siku ya mtihani waliletewa dume moja jeusi ambalo lilishawahi kumvunja mtu mbavu. Wanaume wakaanza kupeana heshima pale, tangulia wewe, hapana bwana, tangulia wewe. Mwanangu akaenda akasimama kando ya lile dume, akaliacha limnuse mfukoni, kisha akainua mguu wake kama mtu anayeinua mkono wa bi harusi kumvisha bangili. Viatu vinne, hakuna teke. Mimi sikuwepo, lakini nimeisimulia habari hii mpaka naona nilikuwepo. Mama Vifungo, yule jirani yangu mshonaji, siku hizi akiniona natokea konani huvuka barabara. Anasema yuko tayari kulipa nauli akasikilize habari za watoto wa watu wengine. Mwache. Asifuye mvua imemnyea.

Sasa kaa chini, dada. Kama umekaa, egemea. Hodi nimemuuza.

Najua umeshtuka. Ulimwona tangu mtoto wa farasi, miguu mirefu kama miti ya kuanikia, siku ile alipoingiza kichwa jikoni kwangu nawe ukiwa umegeukia jiko ukadhani ni mgeni, ukasema karibu, ndipo jina likamganda. Marehemu alimnunua avute gari la nguo, na amelivuta. Amenibebea mashuka ya watu waliokuja mjini kufanya biashara, na ya waliokuja kufanya mambo yao mengine, na hajamsema mtu. Baada ya marehemu kuondoka, na Nyundo kwenda kukaa kwa fundi wake, huyo ndiye aliyebaki kunisikiliza. Asubuhi nikienda bandani na ndoo namweleza yote, nani kaoa, nani kaachwa, sabuni imepanda bei tena. Naye huinamisha kichwa, akakigeuza upande, akanitegea sikio. Mume wangu, Mungu amlaze pema, hakuwahi kunisikiliza hivyo hata siku ya posa.

Lakini kazi imepungua. Nyumba za wageni zimenunua mashine za kufulia, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoambukizana mafua. Imebaki ile ya mama mwenye miwani, ambaye anasema mashine haijui kukunja kona ya shuka. Kwa hiyo gari lilikuwa linatoka mara moja kwa wiki, na siku zilizobaki Hodi anasimama bandani akitazama ukuta. Nyundo aliniambia mapema, tena mara nyingi, kwamba farasi anayesimama tu huharibika miguu, kisha tumbo, kisha moyo. Akasema pia kwamba yeye sasa anataka kuanza kazi yake mwenyewe, maana yule mzee anayemfanyia kazi huchukua nusu ya kila kiatu, na ili aanze anahitaji fuawe ya kugongea chuma na tanuri dogo la kukipashia moto. Hakuniambia uza. Aliyaweka maneno mawili jirani akaniacha niyatazame. Ndivyo alivyo, alichukua kwa baba yake, maana kwangu hakuna mahali pa kuchukua ukimya.

Mnunuzi akajitokeza mwenyewe. Ni Bwana Miche, yule mwenye bustani ya kuuza miche ya maua na miti ya vivuli, nyuma ya kituo cha maji. Humjui, na mimi mwenyewe simjui sana, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Ni mtu wa salamu. Nimewahi kumfulia makoti yake ya kazi, tunakutana kwa muuza mkate, ananiuliza nyonga, namuuliza mvua, basi. Miaka yote amekuwa akisukuma miche yake kwa mkokoteni mlango hadi mlango, na sasa mgongo umegoma. Mkewe amemwambia achague, anunue farasi au atafute mke mwingine wa kumkanda.

Dada, umewahi kumuuzia kitu mtu wa salamu? Ndugu yako unamwachia tu, halafu unamsema kwenye misiba. Mgeni unamkamua mpaka tone la mwisho, anakwenda zake na wewe unalala usingizi. Lakini mtu wa salamu utakutana naye kesho kwa muuza mkate, na keshokutwa, na mwakani. Ukimzidishia bei, kila atakapokuuliza nyonga utaona anakuuliza pesa zake. Ukijipunja, kila utakapomuuliza mvua utakuwa unatamani imnyeshee yeye peke yake. Bei ya mtu wa salamu inatakiwa iwe ile ambayo wote wawili mnaweza kuendelea kununua mkate.

Haya, siku ya kwanza nikamkaribisha jikoni, nikampa chai, nikafungua kinywa. Unanijua. Nilianza na meno ya Hodi, nikapita shingoni, nikashuka miguuni, nikarudi kwenye akili. Nikamwambia ana miaka kumi na mmoja, kwa farasi huo ni umri wa mwanamke aliyekwisha tulia. Nikamsimulia ile siku ya mvua kubwa, mimi nimekwama kwenye baraza la watu, Hodi akalirudisha gari nyumbani peke yake, na turubai juu, na hakuna shuka lililolowa. Nikamwambia huyu si mnyama wa kuvuta, huyu ni mtu aliyekosa mikono tu, na ukimweleza habari anakutegea sikio. Bwana Miche alikuwa akiitikia kila kitu, ehe, ehe, huku uso unazidi kupauka, na baadaye nikaelewa kwa nini: kila nilipomsifu Hodi, yeye alikuwa anasikia pesa zikiongezeka. Mwisho akaniuliza bei, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Nikamwambia laki tisa. Chai ikampalia.

Hakubishana. Hilo ndilo tatizo la watu wapole, mtu akibishana unajua pa kumshika. Alishukuru kwa chai, akasema atalifikiria, akaondoka. Kesho yake akarudi, kofia mkononi. Akasema ameulizia huku na huku, ameambiwa farasi wa gari kama huyu huwa anauzwa kati ya laki nne na sita, na kwamba uwezo wake unaishia sita, na hata hiyo sita mkewe hajaisikia yote. Nikamwambia hao aliowauliza walikuwa wanazungumzia farasi, mimi nazungumzia Hodi. Akasema ni kweli. Akaomba basi amjaribu siku moja tu, gari lake, miche yake, aone kama wataelewana.

Nikamkubalia, na siku hiyo ndiyo Mama Vifungo alicheka mpaka akaomba kiti.

Kumbe Hodi hajui barabara nyingine ila ile ya mashuka. Bwana Miche akivuta hatamu waende kwa wateja wake, yeye anakwenda kwa wateja wangu. Kila geti la nyumba ya wageni anasimama, na hasogei mpaka mtu atoke ndani atie mzigo garini, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, nisije nikaacha furushi la mtu. Bwana Miche akawa anasubiri. Kwa mama mwenye miwani wasichana wakatoka kama kawaida, wakambusu Hodi puani, wakapakia mafurushi juu ya miche ya waridi. Nyumba ya tatu mashine ilikuwa imeharibika tangu juzi yake, wakadhani Mungu amewaletea gari, wakapakia mpaka taulo. Yule bwana alirudi kwangu jioni, waridi zote zimelala, amekaa juu ya mashuka machafu kama mfalme wa madobi, akaniuliza kwa adabu ayashushe wapi. Nikamuuliza kwa nini hakuwakataza. Akasema aliona haya, walikuwa wanamsalimia farasi vizuri sana.

Niliyafua, nifanyeje. Nikamwambia unaona, farasi huyu analeta kazi mwenyewe. Akasema analeta, lakini si kazi yake.

Hapo dada ndipo ulimi wangu ulipochimba shimo, ukanisukumia ndani. Niliona anaanza kuteleza, nikamwambia, kama unalo shaka na maneno yangu, mimi ni mama tu, basi sikia ya wenye kujua. Mjini hapa hakuna anayejua farasi kama binti yangu. Anaweza kumsoma farasi kuanzia kwato mpaka mawazo. Na hasemi uongo, hata kwa kunifurahisha mimi niliyemzaa, na nimejaribu. Bwana Miche akanitazama, kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akasema basi imekwisha, aje yeye apange bei, na atakayoitaja ndiyo hiyo, hatabishana nayo. Tukapeana mkono. Nilifurahi moyoni nikaona nimemnasa. Nani anayeukata mkate wake mwenyewe na kuugawa? Fuawe ilikuwa ya nani, na tanuri la nani?

Jumapili Nyundo akaja, na aproni yake ya ngozi na sanduku la zana. Ungemwona mwanao, dada. Mabega yamefunguka, kucha nyeusi, na anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Mimi nilikuwa nimemwogesha Hodi kwa sabuni ya mashuka meupe na kumsuka mkia. Nyundo akamwamkia Bwana Miche kwa heshima zote, kisha akaenda kwa Hodi, akaweka paji la uso wake kwenye paji lake, wakakaa hivyo kidogo. Walikua pamoja wale. Halafu akajitoa, akafunga aproni, akasema, mama, sasa niko kazini, naomba ukae pale. Pale penyewe ni juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikakaa. Bwana Miche naye akakaa juu ya ndoo nyingine, tukawa kama watoto tunaosubiri matokeo.

Akafungua mdomo wa Hodi, akasema miaka kumi na minne, anaingia kumi na mitano. Bwana Miche akanitazama. Mimi nikatazama paa. Akainua miguu mmoja mmoja. Ukwato wa mbele, wa kushoto, una ufa wa zamani ambao haufungi. Ukitunzwa hautamsumbua, lakini anahitaji kiatu cha namna yake kila baada ya wiki sita, na mzigo mzito asibebeshwe tena. Akasema turubai likipigwa na upepo anashtuka. Akasema magetini anasimama, na kumwachisha kutachukua miezi, labda hataacha kamwe. Yote hayo anayasema mbele ya mnunuzi, kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi. Nilikohoa. Nikakohoa tena. Akasema, mama, kama koo linauma kuna maji ndani.

Kisha akasimama upande wa kushoto wa kichwa cha Hodi, akapitisha kiganja taratibu karibu na jicho. Hodi hakupepesa. Akakipitisha tena. Akasema jicho hili limeanza kuingia ukungu, na si la jana wala juzi. Akasema ndiyo maana hugeuza kichwa upande mtu anapomjia, anatafuta kuona kwa jicho la kulia.

Dada, mimi nilidhani ananitegea sikio.

Nilikuwa juu ya ndoo yangu, na nikawa nakumbuka asubuhi zote zile, mimi nasimulia, yeye kageuza kichwa. Nyundo alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye kazi yake. Akayataja na mema, wala hakuyapunguza: hapigi teke, hang'ati, moyo wake ni mzuri, magoti mazima, na ukimpa njia anaishika hata ukisinzia. Kwa mtu mwenye mzigo mwepesi na mkono mpole atafanya kazi miaka mingi bado. Akafuta mikono, akasema bei ya haki ni laki nne na nusu.

Nikamwambia fundi tafadhali njoo jikoni mara moja.

Nilifunga mlango nikamsema kwa kunong'ona, na unajua mimi kunong'ona kwangu kunasikika barabarani. Nikamwambia umejitia kidole jichoni mwenyewe. Laki nne na nusu ni fuawe bila tanuri, utagonga chuma baridi mpaka lini. Nikamwambia yule bwana mwenyewe alikuwa amefika sita, kwa mdomo wake, na wewe unamshusha kama anakudai shikamoo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, mama, hii ndiyo bei yangu ya kwanza tangu nijiite fundi. Nikimpima farasi wetu kwa macho ya nyumbani, kesho nani ataniita nikapime wake? Na fuawe ndiyo ya kwanza kununua, moto mtu anaweza kuazima kwa jirani, fuawe haiazimwi. Akaongeza na neno jingine, hilo nitalifikia.

Tulipotoka, Bwana Miche alikuwa amesimama, kofia mkononi. Ni wazi alisikia yote, na paka wa Mama Vifungo naye alisikia. Akasema yeye alikuja na laki sita mfukoni, na anaona aibu kumchukua farasi kama huyu kwa chini ya hapo, kwa hiyo naomba mama upokee hiyo sita, tumalize kwa roho safi. Akazitoa. Dada, pesa zile zilikuwa mbele yangu, mpya, zimefungwa kwa uzi wa kufungia miche. Mkono wangu uliwasha mpaka kwenye kiwiko. Nyundo alikuwa ameinama anafunga sanduku lake, hakuinua uso, kama mtu ambaye hayamhusu.

Nikamwambia Bwana Miche arudishe laki moja na nusu mfukoni. Nikasema fundi ameshataja bei. Nikipokea sita nitakuwa nimesema mbele yako kwamba maneno yake ni ya mtoto anayecheza, na mimi hapa sina mtoto anayecheza. Mimi nimesema hivyo, dada, mimi ambaye hubishania kipande cha sabuni mpaka mwenye duka anafunga mapema. Bwana Miche akaangalia chini, akahesabu tena. Kisha akamgeukia Nyundo akamuuliza anatoza kiasi gani kile kiatu cha namna yake, na Nyundo alipomtajia, akasema basi kila baada ya wiki sita atamleta Hodi, na bei hiyo nayo hatabishana nayo. Mteja wa kwanza, dada, kabla hata fuawe haijanunuliwa. Umesikia ya mtoto wa nani mwingine?

Nilimkabidhi hatamu mwenyewe. Nikamwambia amjie kwa upande wa kulia, kila mara kulia, na aanze kusema kabla hajamgusa. Akasema yeye si mtu wa maneno mengi. Nikamwambia basi amweleze kuhusu miche, au amsimamishe dirishani kwa mkewe. Wakaondoka kwa kutembea, yeye upande wa kulia kama nilivyomwagiza, na nikasikia ameshaanza, anamwambia lile ni tope, lile ni daraja. Sasa Hodi analala kwenye banda lenye dirisha, na watu wa mtaa wa chini wananiambia akisimama getini watu wanatoka kumsalimia, wakishatoka wanaona aibu kurudi ndani mikono mitupu, wananunua mche. Bwana Miche amenenepa. Mimi naye tunaendelea kununua mkate, ananiuliza nyonga, namuuliza mvua, na hakuna kinachonikwama kooni.

Sasa lile neno. Hili nakuambia wewe tu, na ukimaliza kusoma usimpe shemeji barua hii, mpe habari kwa mdomo na hapa uruke.

Ile laki tisa, dada, haikuwa bei. Mimi bei naijua. Kabla Bwana Miche hajaenda kuulizia huku na huku, mimi nilishaulizia, nilijua kabisa ni kati ya nne na sita. Nilitaja tisa ili aende zake. Nilimwambia kila mtu ni kwa ajili ya fuawe na tanuri, nikajiambia hata mwenyewe, lakini kama yule bwana angekopa akaja na tisa, ningemwambia kumi na mbili. Na zile sifa zote, nusu nilikuwa namsifia Hodi, na nusu namtisha mnunuzi. Nilikuwa naogopa asubuhi. Niende bandani na ndoo, niseme, na pasiwe na mtu.

Nyundo alijua. Kule jikoni, nilipokwisha kugomba, alinishika mkono huu wenye mikunjo ya sabuni, akasema kwa upole, mama, laki tisa si bei, ni kufuli, na aliyefungiwa ndani ni Hodi. Akasema amekuja kupima farasi lakini ameona na jambo la pili, na kwamba tangu sasa atakuwa anakuja Jumatano pia, jioni, na nimsimulie yote, nani kaoa, nani kaachwa, na kwamba yeye masikio yake ni mazima yote mawili. Mimi ninayesema mpaka usingizini nikajifanya natafuta majani ya chai.

Na sasa nina shida mpya. Nimejivunia viatu vinne vya lile dume jeusi mpaka mtaa umenikimbia, lakini hili la jikoni ndilo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na siwezi kulisimulia kwa muuza mkate, maana nikilisimulia lazima niseme na mimi nilifanya nini. Jambo zuri hivi, na nimelifungia mdomoni. Kwa hiyo nakupa wewe. Majirani wa huko kwenu hawanijui. Lisimulie kwa kinywa chako, anza na mtoto wa mdogo wangu, ana miaka ishirini na miwili, halafu usipunguze kitu.

Shemeji na wanao wote wapate salamu zangu, kila mmoja kwa jina lake. Nyundo anamwamkia mama yake mkubwa, anasema mkifuga farasi atakuja kuwapigia viatu bure, na nimemwambia neno bure asilizoee. Mungu akulinde, nasi tuzidi kuandikiana.

Ni mimi mdogo wako asiyekusahau,
Mama Nyundo